Gazeti Nililomsomea Mjomba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mzaliwa wa Masasi, mjukuu wa watu waliobatizwa zamani, na kwake kitu kikishapigwa chapa ni kweli, basi. Ungemwambia nyumba inaungua angekuuliza imeandikwa wapi. Nasema haya kwa hasira, na sioni kwa nini niifiche.

Tulikuwa tunakaa Newala, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kila mdomo umejaa Uhuru. Mama alikuwa Mmakonde wa hapohapo, ndugu zake nusu wako huku, nusu ng'ambo ya Ruvuma kwa Mreno. Siku askari wa Mreno walipowapiga risasi watu waliokusanyika kudai haki yao, kaka yake Mama alikuwemo. Alikimbia moja kwa moja mpaka mtoni, akavuka, akafika kwetu miguu imevimba. Mke wake na watoto wawili walibaki kijijini.

"Nitawarudia," alisema, hata uji hajaugusa.

Wakubwa wa siasa walipita wakahutubia. Walituasa tusimchokoze jirani Mreno kabla hatujapata Uhuru wetu, nasi tukapiga makofi, wajinga sisi.

Newala iko juu mlimani, na kule juu maji hayakuwepo. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi, na huko kisimani ndiko walikokutana na waliovuka mto. Kila siku Mama alirudi na habari: barabara ya ng'ambo imejaa askari, mwanamume akionekana anakamatwa. Wanawake na watoto wanapitishwa porini na jamaa zao, polepole.

"Ngoja, kaka," alimwambia. "Wifi yangu atakuja mwenyewe."

"Maneno ya kisimani hayo," Baba akasema, akacheka.

Kisha lori likaleta gazeti. Baba alikuwa na desturi yake: mbele ya wageni gazeti nasoma mimi, kwa sauti, waone binti wa mwalimu anavyojua. Basi nikasimama uani, nikakohoa kidogo kama katekista, nikasoma kwamba upande wa Mreno hali ni shwari, wananchi wamerudi mashambani, hakuna la kuogopa. Nilisoma vizuri, jamani! Sikukwama hata neno moja.

"Rudia hapo, mpwa wangu," akasema Mjomba, ambaye hakujua kusoma.

Nikarudia, tena kwa madoido.

Mama alikuwa ndiyo kwanza ametua mtungi, ngata bado kichwani. "Hivi mmerogwa? Mimi nimeongea na mtu aliyevuka jana!"

"Unabishana na maandishi?" Baba akamuuliza.

Mjomba akamtazama shemeji yake mwenye viatu, akamtazama dada yake aliyelowa maji mabegani, akamwamini mwenye viatu. Sisi watu wa misheni ndio tuliowafundisha hivyo. Kesho yake akaondoka kwa barabara kuu, mchana kweupe, kama mtu anayekwenda gulioni.

Siku ya nne mke wake akafika. Walikuwa wamepitia porini, yeye na watoto wote wawili, vilevile kama wanawake walivyosema. Akawaamkia wazazi wangu shikamoo, akanipa mtoto mdogo nimpakate, akaketi.

"Baba yao yuko wapi?"

Mama akaangua kilio. Kilio kile kilitosha kuwa jibu, maana kaka yake hakuonekana tena, hai wala maiti, mpaka leo ninapoandika.

Mwanamke yule hakulia. Aliuliza jambo moja tu, taratibu: nani alimwambia mume wake kwamba barabara ni salama?

Nilimtazama Baba. Nilijua atasema, maana alikuwa mtu wa kweli, alitufundisha amri zote kumi kwa fimbo. Loo! Baba akaninyooshea kidole.

"Ni huyu mtoto," akasema. "Alisoma vibaya."

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akaingia ndani. Yule mwanamke akainuka, akaja nilipokaa, akamtoa mwanawe mapajani mwangu. Hakunipa tena kumbeba.