Bega la Himid

Ubwa wa Mlandege alikuwa na ila moja iliyowaudhi wachongaji wenzake: hajui kumaliza kazi. Ndivyo walivyosema wao. Gogo la mwembe atalipiga patasi mara chache, ataliacha, na wewe ukitazama unaona farasi anatimua mbio. Sogea karibu umtafute jicho au ukwato, huvioni. Watu wake nao hivyo hivyo: mgongo, shingo, kichwa laini kama yai. Wageni wa Mji Mkongwe waliuona ni ufundi wa kisasa. Ufundi gani! Lilikuwa sharti la mkewe, Bi Tahiya, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyesema tangu siku ya posa kwamba yeye hakai wala hasali nyumba yenye sanamu la kiumbe. Wakapatana kuwa kisicho na uso si mtu. Miaka thelathini Ubwa hakulivunja neno hilo.

Mwaka jana mtoto wao wa pekee, Himid, aliyekuwa akiwapandisha watalii farasi ufukweni Paje, alitupwa na farasi akafa papo hapo. Ubwa akaweka patasi chini. Miezi tisa hakugusa mti. Kisha akaja mteja anayetaka mtu na farasi wake, naye akaona bora ashughulike kuliko kushinda akitazama dari.

Alichonga siku nne. Farasi ameinamisha shingo, mtu kamuegemea. Siku ya tano, baada ya alasiri, Bi Tahiya alimletea chai. Akasimama mlangoni, kikombe kikamtoka mkononi.

"Himid huyo," alisema.

"Hana uso, Mama Himid. Tazama."

"Uso wa nini? Bega lile la kushoto nnalijua mie. Alipoanguka mperani nlilikanda mwezi mzima, na halikurudi sawa."

Ubwa akatazama. Wallahi alikuwa hajui. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, vile vile. Akaingiwa na hofu ya kumpoteza na mke pia, akanyakua patasi alipunguze la kulia, mabega yalingane, asibaki mtu wa kutambulika.

Bi Tahiya akamshika mkono. Akalibeba sanamu mwenyewe, zito lile, akaliweka chumbani kwa mwanawe na kufunga mlango. Mteja aliambiwa mti umepasuka.

Sasa kila ikiadhiniwa, Bi Tahiya huchukua mswala wake akavuka uchochoro, akasali kwa jirani yao, Bi Mwanaasha. Mara tano kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumbani kwake hasali tena. Ubwa humtazama anavyotoka na moyo unamuuma, kwani anajua ni mkono wake yeye uliomtoa. Bi Tahiya angesema neno moja tu, sanamu lingeingia motoni siku hiyo hiyo. Halisemi.