Jina Langu Liko Kwenye Kila Gunia

Admin, ficha jina langu na la kijiji, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa huku Tetu. Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa mdogo, kwa hivyo natembea na mkongojo. Nashona masweta ya shule hapa nyumbani na kufuga ng'ombe mmoja. Nina binti mmoja anayesoma shule ya msingi ya hapa karibu, nitamwita Shiku. Kuna mtu akisoma hii atajijua. Ajijue tu.

Mtu huyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ana stoo ya nafaka Nyeri mjini, na mume wangu ni mfanyakazi wake. Siku walipoleta mahari kwetu nilimsikia kwa masikio yangu akiuliza, "Hizi mbuzi zote ni za kionje?" Kionje ndilo neno letu la Kikuyu la kumdharau kilema. Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ilikuwa ya kidevu. Aliyempenda nyumbani kwangu ni Shiku peke yake, kwa sababu kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Kwa hivyo shemeji humwita Maitu, yaani mama yangu, na hapiti hapa bila kumletea mandazi.

Mwaka jana akaleta gari mpaka mlangoni, akaketi, akanywa chai yangu kwa mara ya kwanza.

"Shemeji, serikali imewekea vijana, akina mama na walemavu tenda zao kando. Wewe uko mama, na uko na mguu. Unaingia mara mbili! Tuandikishe kampuni kwa jina yako. Kazi yote nitafanya mimi."

Niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilivaa rinda la kanisani, akanipeleka saiba, yale maduka ya kompyuta, mjini. Tukaandikisha kampuni, tukashughulikia mambo ya ushuru, kisha tukaomba kile cheti cha makundi maalum. Alinifungulia mlango wa gari. Mbele ya watu aliniita Dairekta. Kionje alikuwa amepandishwa cheo! Kampuni ikapewa majina yangu mawili, dairekta nikiwa mimi peke yangu. Nilipomuuliza kwa nini lake halipo, alicheka. "Wakiniona na miguu yangu miwili, watatunyima." Halafu akaomba akae na laini yangu ya simu, ati nisisumbuliwe na namba za siri zinazotumwa na benki. Nikampa.

Tenda ya kwanza ilikuwa ya mahindi na maharagwe ya githeri kwa shule za upande wa Othaya. Sikuona chochote. Baadaye nikasikia sokoni kwamba watoto wa shule moja huko waliugua tumbo wengi kwa pamoja, na mwalimu akasema ni maji. Hata mimi nilisema ni maji. Lakini mume wangu jioni hiyo hakugusa chakula, na nilipomuuliza alitoka nje kukagua ng'ombe ambaye nilikuwa nimeshamfungia.

Juzi nilipitia pale stoo bila kutarajiwa, nikitoka kununua nyuzi. Nilikuta magunia mapya yamepangwa, kila moja limepigwa muhuri wa majina yangu. Nikatia mkono katika moja lililokuwa wazi. Mahindi yalikuwa yameshikana, yana ukungu wa kijani, na yananuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Wale vijana wa kazi walikuwa wanayachanganya na mazuri kidogo, mazuri yakae juu. Mahindi ya aina hiyo huku kwetu hatumpi hata ng'ombe, maana sumu yake hutoka na maziwa.

Shemeji alinikuta hapo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dairekta, umekuja kukagua mali yako?"

"Hii mtapeleka wapi?"

"Shule za huko kwenu. Jumatatu."

Nikamwambia nitaenda kusema. Akanifutia unga mkononi kwa kitambaa chake, polepole, huku akitabasamu. "Enda. Watauliza kampuni ni ya nani. Mimi hapa nauza tu nafaka."

Alinisindikiza mpaka barabarani akinishikia mfuko. Tulipofika akainama, akanong'ona kwa sauti ya mtu anayekutakia mema kabisa: "Shemeji, kuanzia Jumatatu, Maitu umfungie chakula ya nyumbani. Hiyo ya shule asionje."

Kumbe anajua. Anajua yote, na mtoto anayemhurumia ni yule mwenye jina la mama yake tu.

Nilipomwambia mume wangu, aliinuka akafunga mlango. Kisha akasema, "Mama Shiku, nyamaza. Shamba haijagawanywa. Akitufukuza tutaenda wapi na huyo mguu?" Miaka yote hajawahi kuutaja mguu wangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Leo ni Jumamosi. Nikienda polisi, jina watakalolikuta ni langu, na Shiku atabaki na watu hawa. Nikinyamaza, kuna watoto ambao hawajapewa jina la mama ya mtu yeyote mwenye stoo. Wengi wao masweta yao nimeshona mimi, nawajua kwa vipimo vya mabega.

Asubuhi nilimwambia Shiku kwamba wiki ijayo atabeba chakula. Alifurahi. Akaniambia, "Mami, weka mingi, nigawie deski yangu yote."

Deski yao hukaa watoto watatu. Darasa lina madeski mengi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, Jumatatu inakuja na nina mkebe mmoja tu wa chakula. Nianzie wapi?