Ngozi ya Ndama Ndani ya Pampu

Kengele za mbao zilitangulia. Upepo ulikuwa umeinua vumbi lote la Hadado, na mchana ule jua lilikuwa dogo, jeupe, kama limeoshwa likapauka. Nilisikia kengele zikikaribia, nikatazama, sikuona kitu. Kisha shingo moja ikachomoza kutoka kwenye vumbi, halafu nyingine, na kundi zima la ngamia likasimama mbele ya hori kavu bila kutoa mlio.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Garissa kuja kuendesha pampu ya kisima, pampu ya presha kubwa iliyosukuma maji kupitia bomba refu hadi kwenye tangi, na kutoka tangini yakashuka horini. Tangu jana yake nilikuwa nimeizima. Oili ilivuja pale fimbo ya pistoni inapoingia tumboni mwa pampu. Sili ya mpira, ile pete inayozuia oili isitoke, ilikuwa imekatika, na kila oili niliyoongeza ilitoka. Doa jeusi sakafuni liliendelea kupanuka hata baada ya mashine kunyamaza, taratibu, kama linatafuta mlango. Kuiwasha bila oili ni kuiua, na sili nyingine ilikuwa Garissa.

"Nabad?" aliuliza mchungaji, yaani kuna amani? Alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina.

"Nabad, adeer," nilijibu, kama tunavyomwita kila mwanamume wa rika la baba zetu, naye hutuita vivyo hivyo.

"Mbona mashine imelala? Au nyinyi watu wa mjini mnailaza mchana mpate kulala nayo?"

"Inavuja oili, adeer. Sina cha kuzibia."

Alicheka. Alipoona sicheki, akageuka kuwatazama ngamia wake. Mbavu zao zilihesabika. Kisima kingine kilikuwa mbali, na sote wawili tulijua hawangekifikia.

Begani alikuwa amebeba ngozi ya ndama. Sikuhitaji kuuliza ni ya nini. Ndama wa ngamia akifa, mama yake huzuia maziwa; basi mchungaji humchuna yule ndama, huipaka ngozi chumvi na mafuta, na kila anapotaka kukamua humwonyesha mama. Mama huinusa, huamini, na maziwa hushuka. Ngozi ile ilikuwa laini, imeshiba mafuta, na unene wake ulikuwa unene wa sili. Niliikazia macho mpaka akaivuta kifuani.

"Adeer, nipe kipande."

"Cha hii? Nina mtoto mchanga, mama yake amefariki. Yuko na bibi yake, anaishi kwa maziwa ya mama wa ndama huyu tu. Ukiharibu harufu, ngamia atajua."

"Asipokunywa leo, hutakuwa naye wa kumkamua."

Vumbi lilipita katikati yetu, likamfuta uso. Lilipoondoka alikuwa ameshaitandaza ngozi juu ya bati lililokuwa chini.

"Kata shingoni," alisema. "Mgongo ndio anaounusa."

Nilipoingiza kisu, ngamia mmoja nyuma ya kundi alitoa sauti ya chini, ya kooni, sauti ya kumwita mtoto. Wengine wote walikuwa kimya. Niligeuka kumtazama.

"Endelea," alisema yule mtu. "Usimtazame."

Nilikata pete mbili, nikaingia nazo kwenye kibanda cha pampu, nikazilowesha katika oili ya mwisho niliyokuwa nimebakiza, nikazisukuma mahali pake na kukaza nati kidogo kidogo, upande huu na upande ule. Oili iliyosalia nikaimimina ndani. Nje ya chuma yalibaki manyoya machache ya kahawia. Nikawasha.

Tone moja la oili lilijitokeza, likaning'inia. Halikuanguka. Bomba lilitetemeka, na baada ya muda maji yakasikika horini. Ngamia waliinamisha shingo wote kwa pamoja.

Mmoja hakuinama, yule aliyekuwa akiita. Alipita nyuma ya wenzake, akaja hadi mlangoni pa kibanda, akaingiza kichwa. Mchungaji alimtandazia haraka ngozi iliyobaki, upande wa mgongo ukiwa juu. Hakuigusa. Alinyoosha shingo juu yangu, pua yake ikaenda moja kwa moja kwenye fimbo ya pistoni iliyokuwa ikiingia na kutoka, akanusa yale manyoya. Pumzi yake ilinipita shingoni, ya moto. Akaanza kuguna, na mguno wake ukafuata mdundo wa mashine.

Mchungaji alimtazama kwa muda. Kisha alisimama kwa mguu mmoja, akaweka chombo juu ya goti, akashika chuchu. Nilisikia maziwa yakigonga chombo.

Tangi lilijaa. Maji yakaanza kumwagika na kukimbia mchangani, nami nikapeleka mkono kwenye wenzo wa kuzimia.

"Usizime, adeer," alisema mchungaji kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

Sikuzima.