Dude Lililovaa Ngozi ya Mama

Juzi shuleni tulionyeshwa sinema mpya ya lile dude la kutoka angani. Ina damu nyingi na kelele kama harusi, na bado darasa letu lilisinzia. Wenzangu walisema kama hii ni hivyo, ile sinema ya zamani ya dude hilo lazima ni takataka zaidi. Ya zamani niliiona nikiwa mdogo, kwa kibanda cha video hapa Kitengela.

Kibanda kilinuka jasho na viazi karai. Wazungu waliongea kwa skrini, lakini DJ aliwafunika na maiki yake, akitafsiri na kutia mitaa yetu ndani ndio watu wacheke.

"Wasee, dude limeshuka Kitengela! Linameza mathako, mama yako mwenyewe, linavaa ngozi yake, linakuja kwenu mchana. Utalijua na harufu tu!"

Wakubwa walicheka. Mimi nilidhani ni habari.

Nilikimbia nyumbani kwa jua kali, nikamkuta Mama ameketi mlangoni, saa ambayo kila siku alikuwa kiwandani akishona nguo. Hakuwa na ile harufu yake ya mafuta ya cherehani. Alinuka vumbi.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza nikiwa mbali.

Nilingoja kofi.

"Hata mimi sijui, baba."

Siku hizi najua kwamba asubuhi hiyo alikuwa amefutwa kazi. Siku ile niliona tu mtu mwenye sura ya Mama akininyooshea mikono, na nikarudi nyuma.