Wiki ya Kufutwa

Kiwanda nilichofanyia kazi hapa Thika kilipakia matunda mikebeni, nami nilikuwa kibarua. Kila miezi mitatu karani alisimama getini akasoma majina, na ambaye jina lake halikusomwa alirudi nyumbani wiki moja. Baadaye aliandikwa upya kama mgeni. Mtu akikaa zaidi anakuwa mfanyakazi kamili, na huyo kumfuta ni gharama. Nilifanya miaka kumi na tisa, lakini kwa vitabu vyao sikuwahi kupita miezi mitatu. Katika laini yetu ya kazi tulikuwa wanawake ishirini na wawili. Majina yote ninayo kichwani, vile karani alivyoyafuatanisha. Sitayaandika, wengi wao wameshazikwa.

Mjukuu niliyemlea hapa mtaani Kamenu amebeba jina langu. Anashona nguo katika kiwanda kimoja cha Ruiru, na huko nako ilikuwa ni miezi mitatu mitatu, ila siku hizi wanatuma ujumbe kwa simu. Alikuwa akiingia mlangoni akisema, "Cucu, nimefutwa tena, weka chai." Nami nilimwambia wamechoka na sura yake. Nilijifanya kusikitika, lakini hiyo wiki nilikuwa nimeingoja. Siku za kazi aliondoka kukiwa giza akarudi kukiwa giza. Wiki ya kufutwa alilala mpaka jua likawa juu, nami nikasikia mtu anapumua ndani ya nyumba. Tulichambua maharagwe pamoja. Alinipaka mafuta miguuni.

Mwaka huu wakampa barua ya kuandikwa kabisa. Akaniletea maneno ya ofisini kama alivyoelezwa. Sasa angekatwa kila mwezi pesa ya hospitali, ya uzeeni na ya nyumba, na kampuni nayo imtolee sehemu yake. Ikimfuta siku moja bila kosa, imlipe kwa kila mwaka aliofanya. Kwa hivyo kampuni ilikuwa imeteremsha mshahara wenyewe kwanza. Yaani hata ile inayoitwa ya mwajiri, ni mjukuu wangu angeitoa. Nikamwuliza wenzake wamesemaje. Nusu walikuwa wamekataa, wanataka pesa mkononi.

Halafu akaniambia lile lingine, akiangalia chini. Pesa ambazo zingebaki hazingetosha nauli ya kila siku. Ingebidi akae Gitothua, huko huko Ruiru, chumba kimoja na mshonaji mwenzake, aende kazini kwa miguu. Na wiki ya kufutwa isingekuwepo tena.

Nikavaa miwani, nikaitazama ile barua. Sijasoma sana, lakini jina langu nalijua. Lilikuwa pale juu, limepigwa chapa. Kwa miaka yangu yote sikuwahi kuliona kwenye barua ya kampuni. Lilisomwa tu getini, au halikusomwa.

"Cucu, ingekuwa ni wewe ungeweka sahihi?"

Nilikuwa na jibu tayari: kataa, mami, pesa mkononi ni afadhali. Angeona nimemshauri vizuri, na hakuna mtu angejua nimelisema kwa sababu gani.

"Weka," nikamwambia. "Weka leo, kabla sijabadilika."

Akauliza nibadilike vipi. Nikamwambia aangalie maharagwe yasiungue.

Huu ni mwezi wa nne tangu ahame. Anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kama hakuna ovataimu, na mara nyingi huwa ipo. Juzi alipiga simu saa ya chakula, nikasikia cherehani nyuma yake.

"Cucu, unajua leo ningekuwa nimefutwa?"

Nilijua tangu asubuhi. Nikamwambia amshukuru Mungu, arudi kazini wasimwone na simu.

Kisha nikakaa na sinia la maharagwe, na kama ninavyofanya siku hizi nyumba ikinyamaza, nikaanza kuita majina ya laini yetu, kutoka la kwanza. Langu ni la tisa. Nikaliita, nikangoja kidogo, nikaendelea na la kumi.