Viatu vya Rodha

Mara ya kwanza Wafaransa walipowasha matairi nyuma ya kiwanda cha mbao, nusu ya Elburgon ilitoka mbio na ndoo za maji. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa ameshamwaga yake kabla hajaambiwa kwamba moto ule ni wa sinema. Baadaye tukauzoea. Moshi mweusi ukipanda, akina mama walianua nguo zisinuke, na dada yangu Rodha alijua ameitwa kazini.

Filamu yao ilihusu vita katika nchi isiyotajwa. Rodha alikuwa mkimbizi. Muuguzi alikuwa Odile, msichana mwembamba ambaye hata kwao hakuna aliyemjua bado. Ilikuwa filamu yake ya pili. Katika ya kwanza, alituambia kupitia kwa mkalimani, alifungua mlango tu akatoka. Sasa alitakiwa akimbie na wakimbizi huku akipiga mayowe. Alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka, na mkubwa wao akazidi kutikisa kichwa.

Rodha akamwita mkalimani.

"Mwambie huyu msichana anyamaze. Mtu akikimbia kweli hapigi kelele. Anaogopa kusikika."

Alijua. Tukiwa wadogo tulikimbia na mama kutoka Olenguruone, na sikumbuki sauti yoyote isipokuwa miguu.

Odile akamshika mkono, wakakimbia pamoja midomo imefungwa. Mimi nilibaki walikoanzia, nimejificha nyuma ya rundo la mabanzi ya kiwandani, nimeshika viatu vya Rodha, kwa sababu wakimbizi wa sinema walitakiwa wawe peku. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, amevinunua Nakuru, na kwa viatu hivyo alikuwa na maringo hasa. Katikati ya mbio aligeuka kuangalia kama bado ninavyo. Nikaviinua juu, nikicheka.

Wafaransa waliondoka kabla ya uchaguzi. Walisema watarudi kumalizia sehemu ya moto.

Matokeo yalipotangazwa, majirani waliacha kusalimiana. Redio ilitaja miji mingine. Kwetu palikuwa shwari, tukajidanganya kwamba patabaki hivyo.

Kisha adhuhuri moja moshi mweusi ukapanda upande wa kiwanda.

"Wafaransa wamerudi," Rodha alisema, akianua nguo.

"Si wangetuma mtu kwanza?"

"Aii, Tabi. Hao walituma mtu lini? Wao huwasha tu."

Akavaa lile gauni lililochanwa la sinema. Mlangoni akavua viatu, akanipa.

"Usiviweke chini, kuna matope. Mimi natangulia, wewe funga nyumba unifuate."

Akashuka njia ya kiwandani, peku.

Nilikuwa natafuta kufuli niliposikia kelele. Nikadhani ni zile za sinema.

Kisha watu wakaanza kupita mbele ya nyumba, wakikimbia. Hakuna aliyefungua mdomo.

Nikakimbia nao.

Tulimpata mambo yalipotulia, karibu na mabanzi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nyumba ilikuwa imeungua na picha zetu zote, hata ile ya siku aliyobatizwa. Ilifika wakati nikawa nasahau uso wake, na jambo hilo liliniumiza kuliko kaburi.

Siku hizi nashona nguo hapa Nakuru. Binti yangu ndiye aliyeipata ile filamu kwenye simu yake. Odile sasa ni mwigizaji mkubwa huko kwao. Kuna mahojiano anasema kwamba mbio zile ndizo zilizomtoa, na kwamba alifundishwa kuzikimbia na mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumuuliza jina. Nilikasirika, siwezi kuficha. Halafu nikamwambia binti yangu arudishe nyuma.

Anaitwa Rodha. Yuko pale, mzima, gauni limechanika, mkono wake mkononi mwa Mzungu. Anakimbia, anageuka nyuma, anaendelea. Chini ya filamu watazamaji wameandika maoni. Binti yangu alinisomea: wanasema mama yule anapogeuka ni kama anawaona wauaji, na kwamba macho yake yamewanyima usingizi.

Ananitazama mimi. Anaangalia viatu vyake.

Nilikimbia navyo siku ile, na viko chini ya kitanda changu hadi leo. Kila tukifika pale anapogeuka, mkono wangu huinuka wenyewe, nimwonyeshe kwamba bado ninavyo.