Nywele za Mama na Dawa ya Bwawa

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu kutoka Dodoma. Mjukuu wangu ameanza kufundishwa kuogelea, nywele zake ndefu zimekuwa kavu na zinakatika, na binti alitaka kujua afanyeje ili dawa ya bwawa isiziharibu. Yakanijia majibu matatu kwa mpigo. Yote matatu niliyasikia Kirumba, mtaa wetu wa Mwanza, nikiwa mtoto, na hadi leo sijui lipi lilikuwa sahihi. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikatoka kukaa barazani. Ngoja nikusimulie, ndugu yangu, maana mwenyewe sijaielewa vizuri.

Mama yangu alikuwa muuguzi. Miaka ile ya Ujamaa serikali ilimpeleka kusoma ng'ambo, katika nchi rafiki yenye theluji, nami nikabaki Mwanza kwa bibi, mama yake mzazi. Bibi alizaliwa kisiwani, Nansio, akaolewa mjini na Mwarabu muuza duka, na kwa babu huyo ndiko nilikorithi nywele zilizonifika kiunoni. Siku ya kuondoka mama alizishika stesheni, akasema, "Nywele hizi nizikute." Kisha akapanda treni. Mimi niliyachukua kama maneno ya kuagana tu. Bibi aliyachukua kama amana.

Shuleni wasichana wote walinyolewa. Bibi alijifunga kanga yake nzuri akaenda kwa mwalimu mkuu, na sikuwahi kujua walizungumza nini, ila alirudi na ruhusa. Nikawa msichana pekee mwenye nywele darasani, nisijue nijivune au nijifiche. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, bibi alinikalisha chini kati ya magoti yake. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma habari, harufu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga bado imetanda uani, na upepo wa ziwa ukileta ile ya dagaa walioanikwa. Alichana taratibu, akasuka. Nikitikisika alinigonga bega kwa kitana. "Tulia. Kichwa hiki si chako." Nililala nikijiuliza ni cha nani.

Kisha akaja mwalimu wa michezo, kijana aliyejifunza kuogelea jeshini. Alisema ni aibu kwa watu wa kando ya ziwa kuzama kama mawe. Ziwani kwenyewe hakututia, kwa kuogopa kichocho na mamba. Akatupeleka kwenye bwawa la klabu iliyokuwa ya Wazungu, ambayo sasa ilikuwa yetu sote. Dawa ya maji ilikuwa ya shida kama sabuni na sukari. Ilipokosekana, maji yalikuwa ya kijani. Ilipopatikana, mlinzi wa bwawa alimwaga ndoo nzima, labda kwa furaha, nasi tukatoka macho mekundu kama walevi.

Nilipenda maji yale kuliko kitu chochote. Lakini kabla masika hayajaisha, ncha za nywele zangu zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, na kitana kikipita zililia kama katani. Bibi alizinusa, akashangaa. "Dawa gani hii, inayoponya maji na kumtia mtu ugonjwa?"

Basi kila mtu akawa na lake. Bibi alinipaka samli kichwani kabla ya kwenda, ili dawa iteleze. Mwalimu alikasirika kwa sababu maji yalifanya utando, akaniamuru nioshe kwanza kwa maji ya bomba, nywele zinywe zishibe, zisiwe na nafasi ya kunywa dawa. Jirani yetu, mama mmoja wa Kihaya aliyewahi kufua nguo kwenye hospitali ya misheni, alisema wote wawili hawajui kitu. Akanifunga mfuko wa nailoni kichwani. Mfuko ulijaa maji, ukanivuta kichwa nyuma, nikaogelea nikitazama mawingu. Kwa kuwa wote watatu walikuwa wakubwa wangu, niliwatii wote kwa pamoja: samli, maji ya bomba, mfuko. Nywele zikazidi kukatika.

Ikakaribia siku ya wazazi kuja kututazama. Mwalimu alikuwa amenichagua nivuke bwawa zima. Bibi akakataa, siendi tena majini. Jioni moja mwalimu akaja nyumbani. Alimwamkia bibi shikamoo, akakalishwa kwenye kigoda, akakaribishwa michembe ya viazi na chai, akaeleza kwa adabu kwamba njia rahisi ni kuzikata.

"Mwenyewe hayupo," bibi akamjibu.

"Mwenyewe si huyu hapa, bibi?"

Bibi akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza anasikia jambo hilo. Akaniuliza, "Wewe unasemaje?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Niliyataka maji. Lakini nywele zikiondoka, jioni tutafanya nini mimi na yeye? Hilo sikulisema, maana sikuwa na maneno yake.

Asubuhi yake bibi alichukua mkasi, akazikata mpaka karibu na ngozi, akazifunga kwenye kitambaa na kwenda kuzifukia nyuma ya nyumba kwa mkono wake. Siku ya wazazi nilivuka bwawa. Kichwa kilikuwa chepesi mno, nikapotea upande, nikagonga ukuta wa pembeni kabla ya kufika. Watu walipiga makofi. Bibi alikuwa kwenye benchi na kanga mdomoni, na sikuweza kujua kama anacheka.

Mama aliporudi, bibi alikuwa amepanga maneno njia nzima ya kwenda stesheni. Niliyasikia, alikuwa akiyanong'ona. Mama akashuka, akatukumbatia, na yeye mwenyewe nywele zake zilikuwa fupi kama za mvulana. Bibi akaanza: zile nywele ulizosema uzikute, mwanangu, maji ya bwawa...

Mama akakunja uso, akijaribu kukumbuka. "Nilisema hivyo?"

Bibi akainamia sanduku. Tukabeba mizigo.

Bwawa lile lilikauka, likaota majani. Furu nao wametoweka ziwani, na wajukuu nikiwatajia hudhani nimewabuni. Bibi amelala Nansio. Nilimpigia binti yangu nikamwambia majibu yote matatu, achague.

Lakini kinachonisumbua ni jambo dogo. Nywele zangu ziliota tena, na jioni moja mama alitaka kunisuka. Alinikalisha kati ya magoti yake, magoti ya mtu nisiyemzoea, akavuta njia ya msuko ikaenda upande, akaifumua, akaanza upya. Bibi alikuwa ameketi mkekani mbele yetu. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, vidole vikijongea kidogo kidogo vyenyewe. Nilitaka kuinuka niende kwake, na nilitaka pia kubaki. Nikatulia tuli, kama nilivyofundishwa, giza likaingia, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuwasha taa.